Bagamoyo au Tanga? Ulinganisho kwa anayeishi kwa laptopu

Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi Dar, mchora katuni za matangazo, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu na nusu za mwanzo zilikuwa foleni ya Tegeta: honi, kondakta anayegombana na abiria, na yeye mwenyewe akihema kwa joto. Nusu dakika ya mwisho ndiyo iliyobeba swali. "Dada, nimeshachoka. Nihamie Bagamoyo au Tanga?"

Nilianza kumjibu kwa sauti, nikafika dakika ya sita sijamaliza hata habari ya intaneti. Nikafuta. Bora niandike, kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza.

Mimi ni mhariri wa video, na pia nasanifu vitu vya kuchapwa: lebo, mabango, kadi za mwaliko. Nimezaliwa Makorora, Tanga. Dar nilikaa miaka sita nikiwa mwajiriwa, Bagamoyo miaka miwili nikijitegemea, kisha nikarudi Tanga. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mji mmoja kati ya hii ni kwetu. Nimejitahidi kuipima kwa kibaba kimoja. Ukiona mahali nimeisifia Tanga kupita kiasi, ni damu hiyo, punguza mwenyewe.

Ninapima kwa nini

Wengi huanza na bahari na kodi ya nyumba. Bahari ipo kote kuwili, na kodi ya kote kuwili ni nafuu kuliko ya Dar, basi hapo hujachagua kitu. Mimi napima kwa mambo matano: mteja anahitaji kukuona uso kwa uso mara ngapi, umeme, intaneti na hewa ya mahali vitavifanya nini vifaa vyako, mji wenyewe una kazi gani za kukupa, watu utakaoishi nao wataichukuliaje kazi ya kukaa ndani kutwa, na mwisho, mfuko.

La kwanza ndilo linalobeba mengine. Kabla hujasoma mbele, chukua kazi kumi za mwisho ulizolipwa, uzigawe mafungu mawili. Fungu moja ni kazi zinazosafiri zenyewe: nembo, katuni, uhariri wa video iliyopigwa na mtu mwingine, kurasa za jarida. Fungu la pili ni kazi zinazokutaka wewe mwenyewe: harusi, tangazo la kupigwa na taa na watu watano, mkutano wa kampuni, picha za bidhaa ambazo mteja hataki zitoke ghalani kwake. Andika hesabu yako pembeni. Mimi wakati nahama Dar nilikuwa na sita zinazosafiri na nne zinazonitaka, na sikuwa nimewahi kuzihesabu.

Mteja yuko umbali gani

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar. Daladala zinaanzia Makumbusho, na siku njema unafika kwa saa moja na nusu. Siku mbaya, kipande cha Mwenge hadi Bunju peke yake kinaumeza muda huo. Nilikuwa naingia Dar Jumatatu na Alhamisi, nakusanya vikao vyote siku hizo mbili, narudi jioni na samaki wa kukaanga kwenye mfuko.

Ila Bagamoyo ina mtego wake. Mteja wa Dar akisikia unaishi Bagamoyo, kichwani mwake bado uko Dar. Atakupigia Jumanne: "Pita mara moja tu tuangalie rangi." Hiyo mara moja ni siku nzima. Baada ya mwaka niliangalia daftari nikaona nimekuwa naingia mjini mara nne kwa wiki, si mbili. Sikuwa nimeihama Dar, nilikuwa nimeirefusha foleni yangu tu. Upande wa pili wa shilingi, katika miaka yote miwili sikupoteza mteja hata mmoja.

Tanga ni kilomita 350 hivi, kwa barabara ya Segera na Chalinze. Basi la alfajiri kutoka Kange linakushusha Mbezi mchana. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo inawezekana kama inavyowezekana kufunga bila kula daku: utaweza, lakini kesho hufai. Kuna ndege ndogo pia, za Dar, Unguja na Pemba, ila tiketi yake lazima mteja mwenyewe aibebe.

Kinachotokea ukihamia Tanga ni kwamba wateja wanajichuja wenyewe. Nilihama na saba. Ndani ya miezi sita walibaki wanne. Watatu walioondoka si wabaya, walikuwa watu wa kukaa na wewe kwenye kiti na kunyoosha kidole kwenye kioo: "Hapo, sogeza kidogo. Hapana, rudisha." Mtu wa namna hiyo humpeleki Tanga kwa barua pepe. Lakini wanne waliobaki walibadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Walipojua siwezi kupita mara moja, wakajifunza kuandika marekebisho yote kwa pamoja, yenye dakika na sekunde. Kazi iliyokuwa ikirudi mara saba ikawa inarudi mara mbili.

Mtu ataniambia barabara ya pwani inajengwa, ile ya kuunganisha Bagamoyo na Tanga kwa kupitia Saadani na Pangani. Kweli inajengwa, na siku ikikamilika yote itabidi nije niandike upya. Usihame kwa lami ambayo hujaikanyaga. Watu wa Bagamoyo wanaijua habari hii kuliko sisi: makubaliano ya bandari kubwa ya Mbegani yalitiwa saini 2013, watu wakanunua viwanja kwa hesabu ya meli, na hadi nilipoondoka palikuwa na mikoko na wavuvi.

Umeme, intaneti, na chumvi

Hapa tuhesabu, kwa sababu wengi wanadanganyana.

Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja yake ni gigabaiti 45. Ukiwa na intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, na isikatike, hiyo saa moja itachukua saa kumi kufika. Ndiyo maana wahariri tunatumia nakala nyepesi: video hiyohiyo ikibanwa hadi megabiti 8 kwa sekunde inakuwa gigabaiti 3.6, inafika kwa dakika 48. Unahariri kwa hiyo nyepesi, kisha mwenye video nzito anaunganisha upande wake.

Sasa linganisha na gari. Diski ya terabaiti moja ndani ya mkoba, Bagamoyo hadi Dar kwa saa mbili, ni sawa na kasi ya megabiti 1,100 kwa sekunde. Hata basi la Tanga la saa saba linabeba diski ileile kwa kasi ya zaidi ya megabiti 300. Sitanii, nimewahi kushinda mashindano hayo na jirani mwenye faiba. Tofauti ni kwamba Bagamoyo unaipeleka diski mwenyewe, Tanga unamkabidhi mtu wa vifurushi. Kwa hiyo mwenye kuhamia Tanga anunue diski mbili, ya kwenda safari na ya kubaki. Kinachopanda basi kiwe nakala siku zote.

Kwa matumizi ya kila siku, katikati ya miji yote miwili intaneti si tatizo la kukuzuia kuhama. Pembezoni ndiko hutofautiana nyumba kwa nyumba. Usimwulize muuza laini, mwulize jirani. Zaidi ya hapo, lala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni ya mtaa huohuo, na saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko kwenye simu, pandisha faili la gigabaiti moja. Angalia kasi ya kupandisha. Ya kushusha huwa nzuri karibu kila mahali na haikulipi chochote.

Kuna siku miji yote hulingana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, nchi nzima ikasuasua. Mteja wangu wa Dar akanipigia kwa simu ya kawaida, amekasirika: "Haya ndiyo matatizo ya kuishi huko kwenu." Nikamwomba afungue tu ukurasa wowote hapo alipo, ofisini kwake. Kimya. Kisha akaniuliza kama mama hajambo.

Umeme hukatika kote. Mwenye kompyuta ya mezani anunue betri ya kumpa dakika za kuhifadhi kazi. Mwenye laptopu hana la kuongezewa hapo.

Hewa ndiyo watu hawaiulizi. Bagamoyo nilipanga Dunda, hatua chache kutoka ufukweni, kwa sababu nilitaka kusikia mawimbi nikihariri. Niliyasikia. Mwezi wa nane nikaona kwenye picha kama wingu jepesi. Nikaishika lenzi yangu ya milimita 50 juani: ndani ya kioo kuna utandu kama wa buibui. Fundi wa Kariakoo alinitazama kwa huruma. "Kuvu hii, dada. Unakaa pwani?" Tundu la kuchajia la laptopu nalo lilikuwa limeanza kutu ya kijani. Tangu hapo kamera zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishalowa navianika karibu na jiko. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, naviangalia kila wiki.

Hili si kosa la Bagamoyo. Ukipanga Raskazone au Sahare, Tanga itakufanyia hayohayo. Mimi sasa nakaa Mikanjuni, mbali kidogo na maji, na lenzi ziko salama. Hapa unachagua mtaa zaidi kuliko mji.

Kazi za hapohapo

Miji hii imeachana sana hapa, na hapa ndipo ningetaka usome polepole.

Bagamoyo ni mji wa sanaa kwa maana ya kweli ya neno. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ukitembea jioni unasikia ngoma za mazoezi kabla hujaona wapigaji. Mjini wamebaki wahitimu wengi ambao hawakurudi makwao: wachongaji, wachoraji, wacheza ngoma, wanamuziki. Wote hao wanahitaji picha, video za onyesho na mabango. Wote hao pia, tuseme ukweli, wana pesa kidogo. Kila mwaka kuna tamasha la kimataifa la sanaa na utamaduni, na siku zile mji unajaa wageni na kamera.

Kuna vikundi vya Dar vinavyokuja kupiga video za muziki na picha za maharusi kwenye magofu ya Kaole, kwenye majengo ya misheni iliyoanza 1868, kwenye milango ya nakshi ya Mtaa wa India. Nilidhani hao watakuwa wateja wangu wa uhariri. Wapi! Wanakuja na mhariri wao. Wanachokosa ni mwenyeji: mtu anayejua bahari itakupwa saa ngapi, upande gani wa mtaa una mwanga saa kumi jioni, mlangoni pa magofu unamwona nani kwa kibali, na kwamba droni hairushwi bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwaka wangu wa kwanza uenyeji ulinilipa kuliko uhariri. Mwanga wa Bagamoyo una ratiba: asubuhi jua linatoka baharini na kuwapiga usoni wavuvi wanaporudi na watu wa mnada wa samaki, jioni kuta zinazotazama bahari zote ziko kivulini. Ukijua hilo tu, mpiga picha wa Dar aliyefika saa tisa mchana atakulipa chakula.

Lakini malipo makubwa niliyopata pale hayakuwa ya fedha. Nilihariri kipande cha ngoma cha kikundi kimoja, nikajiona nimefanya kazi. Mpiga ngoma wao, mzee wa makamo, akaitazama mara moja akasema: "Umemkata mguu hewani." Sikuelewa. Akairudisha, akaanza kupiga mapigo juu ya meza yangu. Kila nilipokata picha, mguu wa mchezaji ulikuwa bado haujagusa ardhi, na pigo linakuja pale mguu unapogusa. Miaka sita ya Dar hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Hadi leo nikikata tangazo la saruji namsikia yule mzee kwenye meza.

Naam, saruji. Tanga ni mji wa bandari na viwanda, na kazi zake zinafanana nao. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, na mkonge ukaingia mwaka uleule. Tangu hapo mji umezoea kufanya vitu vinavyobebwa kwa tani. Leo kuna saruji kule Pongwe, kuna chokaa, maziwa, mawakala wa forodha, na kuna bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo mwisho wake ni Chongoleani, rasi iliyo kaskazini ya mji. Kampuni za namna hii hazitaki video ya kumtoa mtu machozi. Zinataka video ya mafunzo ya usalama, bango la "vaa kofia", ripoti ya mwaka yenye chati zinazosomeka. Si kazi za kumwonyesha shangazi. Zinalipa kwa ankara, na ankara hukaa. Nimewahi kusubiri siku 90 kazi ya wiki moja. Ukija Tanga bila akiba ya miezi mitatu, utakula ankara zako.

Chini ya viwanda kuna watu wa biashara ndogo, na hao nawapenda zaidi. Mama wa viungo, kijana wa asali, kikundi cha mafuta ya nazi. Wote wanataka lebo, kwa sababu bila lebo duka kubwa haliwapokei. Wengi wanaanza na swali lilelile: "Si unabonyeza tu?" Nimeacha kubishana. Namkalisha pembeni nabonyeza mbele yake saa nzima, na mwisho wa saa bei haina mjadala tena. Kuchapa si shida, steshenari za Ngamiani kwenye barabara za namba zinachapa fulana, vikombe na mabango siku hiyohiyo. Bagamoyo kazi kubwa ya kuchapwa nilikuwa naipeleka Dar.

Halafu harusi. Ramadhani hakuna kitu, unalala. Ikiingia Mfungo Mosi, Tanga nzima inaoa kwa mpigo, na kadi zote zinatakiwa jana. Mwenye kujua kalenda hiyo anajipanga: viwanda kabla ya mfungo, harusi baada yake. Bagamoyo harusi zipo, ila wenye uwezo huenda kuchukua watu Dar.

Watu na kazi ya kukaa ndani

Bagamoyo, mama mwenye nyumba aliniuliza siku ya tatu: "Mwanangu, mbona huendi kazini?" Nikamweleza. Akasikiliza, akafupisha: "Aa, msanii." Ikaisha hivyo. Pale mtu wa kukesha na kulala asubuhi, mwenye rangi kwenye nguo au nyaya mezani, ana jina lake tayari na hahojiwi. Wenzako wa fani pia wako karibu. Ukitoka kununua chapati utarudi na ushauri wa rangi usiouomba. Upweke wa kazi hii, ambao watu hawausemi, kule niliusikia kidogo sana.

Tanga nilirudi kwa mama. Kwa mama, mtu aliye nyumbani yupo tu. Kuna mgonjwa wa kupelekwa Bombo, atapeleka huyu, yupo tu. Nazi zimeisha, aende Mgandini huyu, yupo tu. Msiba wa mtaa wa tatu, nani atawakilisha? Na msiba huwezi kukataa, wala hutaki kukataa, kwani siku yako ikifika ni walewale watakaokuja kutandika mkeka. Mwezi wa kwanza nilichelewesha kazi mbili. Nilimwonyesha mama fedha iliyoingia kutoka kwa mteja. Akanipongeza, akanituma kununua gesi.

Nilichofanya ni kupanga chumba cha kazi Chumbageni. Laptopu ileile, kiti kilekile kutoka nyumbani. Intaneti ya pale ni mbovu kidogo kuliko ya nyumbani. Lakini saa mbili asubuhi nilikuwa napanda baiskeli na mkoba mgongoni, majirani wananiona, na mama akaanza kusema, "Ameenda kazini, atarudi jioni." Kodi ya kile chumba ni kodi ya kuonekana natoka. Kama Tanga ni kwenu, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kama si kwenu, hali ni nyingine. Tanga si mji wa kukukumbatia wiki ya kwanza. Watakuita mgosi, yaani bwana, watakukaribisha kahawa barazani, lakini kazi za watu zinakwenda kwa anayejulikana kwao ni wapi. Ule msemo wa waja leo waondoka leo, wenyewe tunautumia kwa utani, ila una ukweli kwa mgeni wa kazi: wameona wengi wakija na kamera kubwa, wakachukua kianzio, wakaondoka na basi la alfajiri. Jipe mwaka. Wenzako wa fani nao ni wachache kwa mji wa watu karibu laki nne. Wahariri wa video ninaowaamini nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao huwa hapokei simu.

Mfuko

Haya ni niliyolipa mimi. Wewe utakuta yako. Dar, pale Sinza, chumba na sebule 250,000 kwa mwezi. Bagamoyo chumba masta 100,000, ila nauli ya kuingia Dar na chakula cha njiani vilikula karibu nusu ya nilichookoa. Tanga vyumba viwili vya Mikanjuni 120,000, na usafiri ni baiskeli, mji wenyewe ni tambarare. Ongeza 60,000 za kile chumba cha Chumbageni. Kote kuwili mwenye nyumba atataka miezi sita mbele, kwa hiyo usianze na nyumba, anza na chumba cha wageni.

Sasa wewe uko wapi

Kama kazi zako kumi zimegawanyika nusu kwa nusu, Bagamoyo inakufaa zaidi. Weka siku mbili za Dar, uziseme kwa kila mteja kwa maandishi, na Jumanne usipokee simu ya "pita mara moja".

Kama nane au zaidi zinasafiri zenyewe, na wateja wako wameshazoea kukuandikia, Tanga itakupa utulivu na kazi za viwanda juu yake. Akiba ya miezi mitatu ni lazima.

Kama kazi nyingi zinakutaka mwenyewe na wateja wote wako Dar, baki Dar. Hama mtaa badala ya mji. Kutoka Tegeta kwenda karibu na ofisi za wateja wako kunaweza kukupa unachokitafuta.

Kama unaanza, huna mteja wa kudumu, na unataka kujifunza kutoka kwa watu wanaokuzidi, nenda Bagamoyo hata kwa mwaka mmoja. Ukiwa tayari una ufundi na unachokosa ni watu wa kukulipa kila mwezi, jaribu Tanga.

Mpiga picha wa harusi wa dini zote na mfuko wa wastani: Tanga, bila kusahau Mfungo Mosi. Anayepiga mandhari, ngoma na mitindo: Bagamoyo, na aamke mapema.

Mwenye wazazi Tanga wanaomhitaji, hilo halina kibaba. Rudi, na upange chumba chenye kufuli.

Na yule kijana wa Tegeta: alihesabu kazi zake akapata saba kwa tatu, yaani katikati ya hukumu zangu zote. Amechukua wiki moja chumba cha wageni Bagamoyo, kisha wiki moja Tanga, na laptopu yake na mteja wake mkorofi kuliko wote akiwa hajaambiwa kitu. Nimemwambia jambo moja tu la kuuliza kabla hajalipa usiku wa kwanza: kama chumba kina meza. Mara nyingi kina kitanda, kioo na ndala, na kwa vitu hivyo huwezi kuchora katuni.